Msitu hauonekani kutoka kwenye gari

Toa sarafu zilizo mfukoni mwako uzipange mezani. Ya shilingi moja ina twiga, ya tano ina kifaru, ya kumi ina simba na ya ishirini ina ndovu. Tangu sarafu hizo zilipotolewa mwaka wa 2018, Mkenya analipa nauli ya matatu na kununua sukuma wiki kwa picha za wanyama wanne, na hakuna hata mmoja kati yao anayeishi katika Msitu wa Kakamega. Simlaumu aliyezichora. Alichora kile ambacho macho ya taifa yamefundishwa kukiita uzuri: nyika pana, nyasi fupi, mnyama mkubwa, na jua likizama nyuma ya mgunga.

Nyika ina haki yake ya kusifiwa. Lakini nchi inayojitazama kwa picha za nyika peke yake huanza kudhani kwamba msitu ni pori tu: mahali pa kuni, mahali pa nyoka, mahali pa kupitia mbiombio kabla giza halijaingia. Hoja yangu ni nyepesi kuisema na nzito kuitekeleza. Msitu wetu hautapata watetezi mpaka upate watazamaji, na watazamaji hao sharti waingie kwa miguu, begi mgongoni na kamera mkononi, hata kama kamera yenyewe ni simu. Tena watoke hapa hapa nyumbani.

Nikisema nyumbani namaanisha Likuyani, ncha ya kaskazini ya Kaunti ya Kakamega, ambako wengi hawatarajii habari za msitu. Huku ni nchi ya mahindi na ng'ombe wa maziwa. Kabla ya uhuru ilikuwa mashamba ya walowezi. Miaka ya 1960 ikakatwa vipande vya skimu za makazi, na familia zikaja kuanza maisha mapya. Miti tuliyo nayo ni ya kupandwa kwa mkono: mikaratusi mipakani, misaipresi kuzunguka shule na makanisa. Jirani yetu, mashamba ya miti ya Turbo yalikuzwa ili kukilisha kiwanda cha karatasi cha Webuye, kile kilichofunga milango yake mwaka wa 2009. Kwa hiyo mtoto wa Kongoni, Sango au Sinoko anaweza kumaliza kidato cha nne akijua kumchora twiga bila kutazama kitabu, na asijue kwamba mbega wa kaunti yake mwenyewe hana kidole gumba.

Macho haya ya nyika hatukuzaliwa nayo. Mwanzoni mwa karne ya 20, Mjerumani Carl Georg Schillings alizunguka nchi ya Wamasai akiwa na bunduki na kamera. Usiku aliwalipulia wanyama mwanga wa unga wa magnesiamu walipokuja kunywa maji, na picha zake zilizochapishwa kitabuni mwaka wa 1905 ziliwastaajabisha Wazungu. Mwaka wa 1909 Arthur Radclyffe Dugmore naye alipita katika Kenya ya leo na mitambo yake mizito ya kupigia picha. Hao na wenzao ndio walioweka kanuni, nayo ilikuwa kanuni ya mwindaji: mnyama awe mkubwa, awe katikati, awe peupe, awe peke yake. Baadaye bunduki iliondoka, likaja gari la watalii lenye paa la kuinuka. Kanuni ikabaki ile ile.

Ingia Kakamega na kanuni hiyo, utatoka mikono mitupu. Ndovu na nyati walitoweka humo zamani. Waliosalia wako juu ya kichwa chako, nyuma ya majani, au chini ya jani unalotaka kulikanyaga. Huu ndio msitu wa mvua pekee uliobaki Kenya wenye undugu na misitu ya Kongo, na viumbe wake wengi hawapatikani kwingineko nchini. Keremkerem mwenye kichwa cha buluu, kwa mfano, anakaa ukingo huu wa mashariki wa makazi yake ya Afrika ya kati. Mkenya anayetaka kumwona bila kuvuka mpaka hana budi kuja huku. Ndege huyo hatakusubiri kando ya barabara.

Kwanza kuna suala la mwanga. Saa sita mchana jua linapochoma mahindi ya Likuyani, sakafu ya msitu inapata asilimia chache tu ya mwanga huo, tena umechujwa na majani mpaka kila kitu kimegeuka kijani, hata uso wa mwenzako. Mpiga picha aliyezoea harusi na mikutano ya siasa hushtuka kuona kamera yake ikilazimika kupanda hadi ISO 3200 na zaidi, na bado kasi ya shata ni ndogo kiasi kwamba pumzi yake mwenyewe inaitikisa picha. Dawa si flashi, kwani flashi huumulika mvuke ulio hewani na kumpofusha kwa muda kiumbe wa usiku kama poto. Dawa ni kusimama, kuegemea shina la mti, na kungoja upepo utulie.

Kisha kuna mbega. Manyoya yake ni meusi tii na mabega yake yana mashungi meupe pe. Hupenda kukaa juu ya tawi lililoachwa wazi, nyuma yake mbingu tupu. Kamera inapima ule weupe wa mbingu, inaamua kwamba mwanga umezidi, inafunga, na mbega anatoka kama shimo jeusi lenye mkia. Wanaojua huongeza mwanga kwa makusudi na kukubali mbingu iungue. Wanaojua zaidi huamka alfajiri, wakapanda kilima cha Buyangu au cha Lirhanda, na kuutazama msitu kutoka juu ukungu unapoanza kupasuka. Hapo mbega anaota jua akiwa chini ya macho yako na nyuma yake ni majani. Lakini kilima hicho hakipandwi kwa gari. Unapanda gizani ukiwa na kurunzi, ukimfuata mwelekezaji anayejua njia ilipo na siafu walipovuka usiku. Ndiyo maana wazoefu huvaa gambuti na kuchomeka suruali ndani.

Na huyo mwelekezaji ndiye jambo la tatu, nalo ni kubwa kuliko lenzi yoyote. Mgeni hufika na orodha ya ndege na kuuliza yuko wapi shorobo buluu mkubwa, yule mwenye kishungi kichwani na mdomo wa njano wenye ncha nyekundu. Mwenyeji haanzi na ndege. Anaanza na mti. Anajua ni mukumu upi una matunda mabivu wiki hii, kwa sababu jamii hii ya mitini haiivi yote kwa pamoja. Mmoja unaiva leo, mwingine mwezi ujao. Ukikaa chini ya mukumu ulioiva tangu asubuhi, huna haja ya kumfuata mtu. Hondohondo watakuja kwa kishindo cha mabawa kinachosikika kabla hawajaonekana. Kima watakuja, wakila nusu na kutupa nusu. Shorobo atakuja akikimbia juu ya matawi, maana kuruka si kazi yake. Akitaka kuhama mti hujiachilia tu na kuteleza hewani. Maganda ya matunda yatakudondokea kofiani. Hapo ndipo utakapoelewa kwamba picha ya ndege msituni huanza kama picha ya mti.

Elimu hiyo ya miti, ya mukumu, musine, mwiritsa na lusiola, wanayo watu wa Shinyalu, Isecheno na Buyangu, na waliirithi kwa wazee wao. Miaka ya 1990 baadhi ya waelekezaji wa Isecheno walianzisha mradi wa kuelimisha jamii, KEEP, wakiwafundisha watoto wa shule, wakifuga vipepeo na kuwatembeza wageni. Wamefanya kazi hiyo kwa miaka mingi bila kelele. Kinachokosekana ni mnyororo wa kuifikisha elimu hiyo kwa watoto wa upande wetu wa kaunti.

Safari yenyewe inawezekana bila utajiri. Kutoka Likuyani unashuka kwa matatu kupitia Turbo na Webuye mpaka Malava. Hapo, kando ya barabara ya Kakamega, kuna kipande cha msitu kilichobaki, na mbega huonekana kutoka ukingoni. Mbele kuna Kisere, takriban kilomita 4 za mraba, makao ya tumbili wa De Brazza mwenye ndevu nyeupe na paji la rangi ya chungwa. Kisha Buyangu, penye kambi ya Udo na vibanda vya kulala. Kisha Isecheno, halafu Kibiri upande wa Vihiga. Anayevitembelea vipande hivyo kwa mfuatano huu, begi mgongoni, atasoma historia ambayo hakuna bango linaloieleza: ulikuwa msitu mpana, sasa ni visiwa, na kati ya kisiwa na kisiwa pana miwa, mahindi, nyumba na barabara.

Anayeona Kakamega ni mbali aelekee upande wa pili, kupitia Moi's Bridge na Kitale, hadi Saiwa. Ni mbuga ya taifa ndogo kuliko zote Kenya, kama kilomita 3 za mraba, iliyotengwa mwaka wa 1974 ili kumlinda nzohe, swala wa majini mwenye kwato ndefu zilizotanuka zinazomwezesha kutembea juu ya tope. Humo magari hayaingii. Unatembea pembezoni mwa kinamasi, unapanda ulingo, unangoja. Na anayeona hata Saiwa ni mbali, atoke nje asubuhi. Korongo taji, ndege ambaye tangu 2012 ameorodheshwa miongoni mwa walio hatarini kutoweka duniani, bado hutua katika mashamba na vinamasi vya ukanda huu wetu wa Nzoia.

Kutembea na kamera hakumfanyi mtu kuwa mwema, hilo lisemwe. Kuna wanaowarushia kima ndizi ili washuke, wakawafundisha uchokozi ambao mwisho wake ni kuuawa mashambani. Kuna wanaocheza sauti ya ndege kwenye simu mara kwa mara mpaka dume linaacha chakula na kiota kumtafuta mpinzani asiyekuwepo. Kuna wanaokata matawi yanayoziba kiota, kisha wanaondoka na picha safi huku mwewe akiachiwa mlango wazi. Picha ya korongo akiwa juu ya mayai yake, iliyopigwa kwa karibu, kwangu ni ushahidi dhidi ya aliyeipiga.

Na kuna hatari mpya, ile ya kutangaza mahali. Mei 2025 mahakama jijini Nairobi iliwatoza watu wanne, wakiwemo vijana wawili kutoka Ubelgiji, faini ya shilingi milioni moja kila mmoja kwa kosa la kukusanya chungu wakubwa wa nafaka ili wauzwe ng'ambo. Walikuwa na maelfu ya chungu ndani ya mirija. Ikiwa mdudu wa kuchimba shimo mbugani ana soko Ulaya, sembuse kipepeo, kinyonga na mende wa Kakamega. Picha inayobeba ramani ya mahali ilipopigwa inaweza kuwa mwaliko kwa mwizi. Mwenye simu na azime kile kipengele cha mahali kabla hajaweka picha mtandaoni. Kwa wanaotaka kuchangia elimu, programu kama iNaturalist huficha yenyewe mahali alipo kiumbe aliye hatarini, na Kenya Bird Map hugawa nchi katika miraba ya takriban kilomita 9 kwa 9, inayotosha kumwambia mtafiti aina gani iko wapi bila kumwelekeza mtu kwenye kiota.

Lawama yangu nyingine ni kwa wale wanaokata ukingo wa picha. Picha nyingi za Kakamega zinazosambazwa zinaonyesha msitu usio na mwisho, usio na watu. Ukweli ni kwamba hatua chache nje ya fremu yupo mama aliyebeba mzigo wa kuni, wapo ng'ombe, ipo mipera iliyoota palipokatwa miti ya asili, na upo ukanda wa chai ya Nyayo ulioanza kupandwa miaka ya 1980 ili uwe uzio kati ya msitu na mashamba. Anayeviondoa hivyo anauza ndoto. Mwenyeji hana sababu ya kuviondoa, kwa kuwa huyo mama huenda ni shangazi yake. Amwamkue, amwombe ruhusa, ampige picha akiwa na heshima yake, na aeleze kuni zile zilitoka wapi. Msitu wenye jirani ndiyo picha ya kweli.

Wapo watakaoniambia kwamba Likuyani ina shida za haraka kuliko vipepeo: bei ya mbolea, mahindi yanayooza yakingoja mnunuzi, vijana wasio na kazi. Wana haki ya kuuliza. Lakini tuangalie mambo yanavyokwenda. Mto Nzoia unaopita kwetu ndio ule unaovunja kingo zake Budalang'i na kuzihamisha familia. Kinachofanyika kwenye miti ya juu kinalipwa na watu wa chini. Na vijana wetu, ambao tayari wana simu, wanahitaji ujuzi unaouzika. Mwelekezaji anayejua ndege, miti na mwanga ni mtu anayelipwa na wageni. Simu haitamleta shorobo karibu, ni kweli. Ila kwa uyoga, kuvu, vinyonga, vipepeo na maua ya gome la mti, simu ya bei ya kawaida inatosha kabisa, na hao ndio wakazi wengi zaidi wa msitu.

Sababu nzito zaidi ni hii. Katiba ya 2010, kifungu cha 69, inaitaka serikali ifanye kazi ya kufikia na kudumisha miti katika angalau asilimia 10 ya ardhi ya nchi, na tangu mwishoni mwa 2022 tumeambiwa kuhusu kampeni ya miti bilioni 15 ifikapo 2032. Mafanikio ya malengo hayo hupimwa kwa kiasi kikubwa kutoka angani, kwa picha za setilaiti. Lakini ukitazama kwa mbali hivyo, mikaratusi ya shamba la Likuyani na mikumu ya Isecheno yote ni kijani. Mtu anaweza kupoteza ekari za msitu wa asili, akapanda mikaratusi mingi zaidi mahali pengine, na hesabu ikasema tumefaulu. Chini ya mkaratusi huo hutamsikia hondohondo. Tofauti hiyo inaonekana kwa anayetembea chini ya miti yenyewe, akainua kamera, akaja na picha yenye tarehe na jina la mti. Hivyo picha za vijana wetu zinakuwa hesabu ya pili inayoisahihisha ile ya kwanza.

Basi nini kifanyike? La kwanza ni viingilio. Leo upande wa kaskazini wa msitu uko chini ya KWS, shirika la wanyamapori, na upande wa kusini uko chini ya KFS, shirika la misitu. Anayeutembea wote anakutana na milango miwili na malipo mawili, ilhali mbega anavuka bila risiti. Mashirika hayo yaketi na kaunti, yatoe tiketi moja ya mtembea kwa miguu, na bei ya mwanafunzi wa Kakamega iwe ndogo kiasi cha kutomzuia mzazi mwenye ng'ombe wawili.

La pili ni kumbukumbu. Zichaguliwe sehemu za kudumu, mathalani kilele cha Buyangu, ukingo wa Malava, daraja la mto Isiukhu na ukingo wa Nzoia upande wa Likuyani, na kila mwaka msimu ule ule ipigwe picha kutoka pale pale, kuelekea upande ule ule. Picha ziwekwe katika maktaba ya kaunti, si katika simu ya mtu itakayoibwa stendi. Tungekuwa na mfululizo kama huo tangu wakati kasuku wa kijivu walipokuwa wengi Kakamega, leo tungeona kwa macho jinsi miti waliyotagia ilivyopungua, badala ya kusimuliana tu.

La tatu ni shule. Vilabu vya mazingira vya Likuyani hupanda miche kila msimu wa mvua, na ni vyema. Viongezewe safari ya kutembea msituni wakati wa likizo ya Desemba, njia zinapoanza kukauka, wakiongozwa na waelekezaji wa Isecheno na Buyangu wanaolipwa ujira wao kamili. Bajeti ya kaunti hupitishwa kila mwaka wa fedha. Kifungu cha basi, waelekezaji na viingilio vya wanafunzi hakiwezi kumfilisi mtu. Tukikikosa tena mwaka ujao, tusishangae watakaoamua hatima ya msitu huu wakiwa watu ambao hawajawahi kuinua shingo chini ya mukumu, ila wamesaini tu karatasi zinazoutaja.